Selimundu: Elimu Kabla ya Posa, na Sheria ya Kuilinda

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa damu na mifupa yetu, aliyetujaalia kuwa na nasaba na ukwe ili tupate kujuana na kuhurumiana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, mlio mbele yetu msikitini na mlio majumbani mkitusikiliza kwa redio, leo twataka kusema juu ya maradhi yaliyomo katika damu za watoto wetu wengi, ambayo wazazi huyaona na wasijue jina lake. Maradhi hayo yaitwa selimundu, na wengi mijini huyaita sikoseli. Tutasema juu ya maradhi yenyewe, kisha tutasema juu ya sheria. Kwani yako mataifa yaliyotunga sheria ili watu wayajue maradhi haya, na katika sheria hizo yamo ya kuigwa na yamo ya kuepukwa.

Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo na laini, hata hupenya katika mishipa myembamba bila ya taabu. Ama damu ya mwenye selimundu, ikipungukiwa na hewa safi, chembe zake hukakamaa na kujipinda mfano wa mundu wa kukatia majani. Hapo hukwama na kushikana, na kiungo kilicho mbele yake hukosa damu. Ndipo yanapokuja yale maumivu ya mifupa yamfanyayo mtoto alie usiku kucha. Tena chembe ya kawaida huishi kiasi cha siku 120, na hii iliyopinda mara nyingi haimalizi hata siku 20. Kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa na damu daima, na macho yake huingia umanjano. Mtoto huzaliwa akiwa mzima machoni pa watu, kwa kuwa damu aliyotoka nayo tumboni humkinga miezi ya mwanzo. Afikapo kiasi cha miezi sita hivi huanza kuvimba vidole vya mikono na nyayo, akashikwa na homa moja baada ya nyingine, na jirani wakaanza kunong'ona.

Manong'ono hayo ndiyo tuliyoyakusudia. Wako wasemao kuwa mtoto amerogwa. Wako wasemao kuwa ni jini la upande wa mama. Na wako, Mwenyezi Mungu atuhifadhi, waliotujia wakitaka talaka, hoja yao ikiwa kwamba mke huyu hazai ila wagonjwa. Tumewasikia zaidi ya mara moja, na kila mara tumewauliza swali moja: Je, wewe baba, damu yako umepata kuipima? Hatujaona bado aliyejibu ndiyo.

Sikilizeni basi jinsi urithi huu unavyokwenda, kwani mwenye kulifahamu jambo hili hawezi tena kumdhulumu mkewe. Kila mtu amepewa chembe mbili za urithi wa damu, ambazo siku hizi huitwa vinasaba: kimoja kutoka kwa baba, na kimoja kutoka kwa mama. Aliyepewa viwili vya selimundu ndiye mgonjwa. Aliyepewa kimoja kizima na kimoja cha selimundu si mgonjwa. Huyo ni mbebaji, hulima, husafiri, huzeeka, na aghalabu hufa bila ya kujua. Mbebaji akioana na asiye mbebaji, hapatikani mtoto mwenye maradhi haya. Wakikutana wabebaji wawili, basi katika kila mimba yako mafungu manne: fungu moja ni mtoto mgonjwa, mafungu mawili ni mtoto mbebaji, na fungu moja ni mtoto asiye na lolote. Nasi twasema "katika kila mimba" kwa kusudi, kwani wako wadhanio kuwa akishazaliwa mgonjwa mmoja basi watatu wafuatao wamesalimika. Sivyo. Kila mimba yaanza hesabu yake upya.

Yaonekana wazi kuwa mtoto mgonjwa hawezi kupatikana kwa mama peke yake. Nusu ya urithi ule imetoka kwa baba, sawasawa na nusu iliyotoka kwa mama. Mwenye kumpa mkewe talaka kwa jambo hili ameadhibu nusu ya sababu na kuiacha nusu nyingine ikaoe tena.

Wala ubebaji si aibu. Mwaka 1954 mwanachuoni mmoja aitwaye Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alibainisha kuwa mbebaji wa selimundu ana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu maradhi haya yameenea katika nchi za malaria: kandokando ya Ziwa Viktoria, pwani yetu, Kongo, Nigeria, India, na hata baadhi ya sehemu za Bara Arabu. Kile kimoja kiliwahifadhi babu zetu wasife kwa homa. Viwili vikikutana ndipo huja dhiki. Nchini Uganda walipopima damu za watoto wachanga zaidi ya 97,000 katika miaka ya 2014 na 2015, walikuta wabebaji wapatao 13 katika kila 100. Kwa Tanzania, makadirio yatajwayo mara nyingi ni kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa kila mwaka na maradhi haya. Na Afrika kwa jumla, watoto wasiopata matunzo, zaidi ya nusu yao hukadiriwa kufa kabla ya kutimiza miaka 5, wengi wao bila ya mtu kulitaja jina la kilichowaua. Kwenye kaburi husemwa tu kuwa ni homa.

Sasa mtu atauliza: sheria ina kazi gani na damu ya mtu? Je, huku si kuingia katika qadari ya Mwenyezi Mungu?

Tukumbuke khabari ya Sayyidna Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alipokuwa njiani kwenda Sham. Alifika mahali paitwapo Sargh akapata khabari kuwa tauni imeingia nchini. Akawataka shauri Muhajirina, wakakhitilafiana. Akawataka Ansari, nao wakakhitilafiana. Kisha akawataka wazee wa Kikureshi, nao wakaafikiana kuwa arejee na watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia qadari ya Mungu, naye akamjibu kuwa anatoka katika qadari moja kuingia katika nyingine, akampigia mfano wa mchungaji wa ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na elimu aliyoisikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya nchi iliyoingiwa na tauni, na elimu hiyo ikayaafiki yale aliyokwisha kuyaamua.

Selimundu si tauni wala haiambukizi. Aketi mtu na mgonjwa, ale naye sahani moja, alale naye kitanda kimoja, hapati kitu. Khabari hii tumeileta kwa ajili ya namna ya kuamua. Kiongozi alitaka shauri, aliingoja elimu, na hakuwaachia watu wake waangamie kwa kisingizio cha qadari. Wanazuoni wetu wamehesabu kuhifadhi nafsi na kuhifadhi kizazi miongoni mwa makusudio makuu ya Sharia. Jambo lenye kugusa yote mawili haliwezi kuwa nje ya kazi ya watawala.

Lakini sheria yaweza kutungwa kwa nia njema ikadhuru, na hapa yafaa tutazame waliotutangulia kukosea. Katika nchi ya Marekani maradhi haya yamewashika zaidi watu wenye asili ya Afrika, waliopelekwa huko utumwani pamoja na damu yao. Kwa miaka mingi hakuna aliyejali. Kisha, baina ya 1970 na 1972, majimbo kadhaa yalikimbilia kutunga sheria za kuwapima watu kwa lazima: hapa watoto wa shule, pale wenye kutaka kuoana. Waliozitunga wengine hawakujua tofauti ya mgonjwa na mbebaji. Watu walipimwa, wakapewa karatasi, na wala hapakuwa na mtu wa kuwaeleza maana yake. Wabebaji wenye afya kamili wakanyimwa kazi, na wengine wakatozwa zaidi na makampuni ya bima. Hata Chuo cha Jeshi la Anga cha nchi hiyo kiliwakataa wabebaji mpaka mwaka 1981. Fikirini khasara hiyo: sheria iliyokuja kuwasaidia watu waliodharauliwa ikawa sababu mpya ya kuwadharau.

Mwezi wa Mei 1972 ikatiwa saini na Rais Nixon sheria ya taifa zima juu ya selimundu, na hiyo ilikuwa na busara zaidi. Iliweka fedha za kupima, za kufundisha umma, za kuwapa watu ushauri na za utafiti, na ikashurutisha kwamba kupimwa kuwe kwa hiari ya mtu. Ilichukua miaka mingi kuyatengeneza yaliyoharibika. Lakini mafunzo na uchunguzi uliofuata ndio uliobainisha, mwaka 1986, kuwa mtoto mgonjwa akipewa dawa ya penisilini kila siku tangu uchanga huepushwa na maambukizo mengi yaliyokuwa yakiua. Mbona jambo hili ni kubwa! Dawa yenyewe ni ya bei nafuu, lakini haiwezi kumfaa mtoto ambaye hakuna ajuaye kuwa ni mgonjwa.

Tuje sasa kwa ndugu zetu Waislamu. Katika kisiwa cha Bahrain, katikati ya miaka ya 1980, karibu watoto 2 katika kila 100 waliozaliwa walikuwa na selimundu. Waganga wa huko walianza kwa mafunzo. Waliingia katika skuli za sekondari, wakawaeleza wavulana na wasichana jinsi damu inavyorithiwa, na kabla ya miaka ya 1990 kwisha wakaanza kuwapima wanafunzi, kila mmoja akapewa jawabu lake mwenyewe. Kufika mwaka 2002 watoto wenye maradhi walikuwa wamepungua hata chini ya 1 katika kila 100. Sheria yao ya kuwalazimu wachumba wapimwe kabla ya ndoa haikutoka ila mwaka 2004. Zingatieni tarehe hizi, enyi wanafunzi mnaotusikiliza: maradhi yalianza kupungua kabla ya sheria ya ndoa, kwa sababu elimu ilitangulia. Sheria ilikuja kuulinda mlango ambao watu walikwisha kuujua.

Saudi Arabia nayo ilianza mwaka huo huo wa 2004 kuwalazimu wachumba wapimwe selimundu na maradhi mengine ya damu ya kurithi. Serikali haikuwakataza kuoana. Kila wawili walipewa ushauri, kisha wakaachiwa khiari yao. Katika mwaka wa kwanza, miongoni mwa wachumba walioambiwa kuwa wote wawili wana hatari, 9 tu katika 100 ndio walioacha. Kwa nini? Kwa sababu walikwenda kupimwa barua za harusi zimekwisha kutumwa, mahari yamekwisha kutolewa, ukumbi umekwisha kulipiwa, na mama wa bibi harusi amekwisha kuwaalika watu wa miji mitatu. Nani atavunja arusi hapo kwa karatasi ya hospitali? Mtu ataogopa maneno ya watu kuliko maradhi ya mtoto ambaye bado hajazaliwa. Lakini watu waliendelea kufundishwa, na baada ya kupimwa watu zaidi ya milioni 1 na nusu, ilipofika mwaka 2009, walioacha kwa khiari yao walikuwa wapatao 52 katika 100. Sheria ilikuwa ni ile ile. Kilichobadilika ni maarifa ya watu, na wakati wa kwenda kupima.

Na hapa twapenda kuondoa shaka moja ya kifiqhi, kwani tumeulizwa sana. Cheti cha kupimwa si nguzo ya nikaha. Ndoa yenye walii, mashahidi wawili, na kauli ya kutoa na kukubali ni ndoa, hata kama wawili hao hawakupimwa, na hata kama wamepimwa wakaonekana wabebaji wote wawili. Sisi hatuoni kuwa yafaa sheria yoyote kuibatilisha. Wala si haki kusema kuwa kuoa binti ami ndiko kuletako selimundu. Mwenyezi Mungu amekuhalalisha, na watu wawili wasiojuana kabisa, mmoja wa Tanga na mmoja wa Mwanza, waweza kuwa wabebaji wote. Lililo kweli ni kuwa katika ukoo mmoja wenye mbebaji, uwezekano wa kumkuta mbebaji mwingine huzidi. Kwa hiyo walio katika ukoo wenye mgonjwa wana haja zaidi ya kupima. Uhalali wa jambo haukukatazi kuuliza khabari zake.

Ni sheria gani basi tunayoiomba kwa wabunge na wawakilishi wetu wa Afrika Mashariki? Maazimio tunayo. Shirika la Afya Duniani lilitoa lake mwaka 2006, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likatoa lake Desemba 2008, likaiweka tarehe 19 Juni ya kila mwaka kuwa siku ya kuwazindua watu juu ya selimundu. Ni mambo ya kushukuru, ila azimio halimlazimu mtu kufungua hata sanduku moja la dawa. Sheria ndiyo humlazimu, na sheria tunayoiomba impe serikali mzigo kabla ya kumpa raia. Iandikwe kwamba kila mtoto azaliwaye hospitali apimwe kwa tone la damu la kisiginoni, na jawabu liandikwe katika kadi yake ya kliniki. Iandikwe kwamba somo hili lifundishwe shuleni kabla ya umri wa kuposa, na katika madrasa zetu pia, nasi tuko tayari. Iandikwe kwamba penisilini, chanjo na dawa ya haidroksiyurea zipatikane kwa watoto hawa. Dawa hii ya mwisho ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na mwaka 2019 ikatangazwa kuwa iliwapunguzia maumivu, malaria na vifo. Na iandikwe kwa maneno yasiyo na shaka kwamba jawabu la damu ya mtu ni siri yake, na mwajiri wala mwenye bima asilitumie dhidi yake. Ikikosekana kauli hii ya mwisho, tutayarudia yale ya Marekani.

Kuwalazimu wachumba, sisi twaona, kuje nyuma ya haya yote. Mahali penye mganga wa karibu, kipimo rahisi na mshauri mwenye lugha njema, lazima hiyo ni rehema. Mahali ambapo kipimo kiko mwendo wa siku mbili, lazima hiyo ni kuwasukuma masikini waoane bila ya kuandikishwa.

Nanyi wenye nyumba msingoje bunge. Binti au kijana akifika umri wa kutajwa posa, apelekwe akapimwe, na ajue jawabu lake kabla mshenga hajabisha hodi. Mshenga naye aulize juu ya damu kama aulizavyo juu ya swala na tabia. Wala lisiwe jambo la kuona haya. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ina mpango maalumu wa selimundu tangu mwaka 2004, na watoto walioandikishwa humo na wakafuatiliwa wamekua, wamesoma, na wako waliooa na kuolewa. Mwenye mtoto mgonjwa amnyweshe maji kwa wingi, amkinge na baridi, asimwache bila ya chandarua, na kila homa aione ni dharura, asingoje kuche. Tena mtoto huyo asizuiwe Ramadhani kula na kunywa. Twajua vijana wa miaka 14 na 15 wanaoficha maumivu ili wafunge kama wenzao. Kiu humzidishia maradhi. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa rukhsa, na ambaye ugonjwa wake hauna mwisho hutoa fidia, chakula cha masikini kwa kila siku. Mzazi asimwonee rukhsa hiyo, na mwalimu wa madrasa asimwulize mbele ya wenzake kwa nini hakufunga.

Ewe Mola wetu, waponye walio vitandani Ijumaa hii, wape subira mama zao na insafu baba zao, na uwaelekeze katika kheri wanaokaa kutunga sheria zetu. Amin.